Fungate Kabla ya Ndoa

“Nchi yote hii kubwa, mpenzi, chagua unapotaka. Ila Vermont hapana.”

Dwight Pelkey alitua kikombe kwa kishindo, kahawa ikamwagikia ramani. Mchumba wake Jocelyn akaipangusa kwa kitambaa chekundu, kimoja katika rundo lililojaa mapajani mwake. Tangu Juni alikuwa akikata na kushona vitambaa hivyo. Mapambo ya harusi, alisema, na kila boksi lilipojaa alilituma kwa shangazi yake aliyejitolea kupamba.

“Kwani Vermont wamekukosea nini? Watu wanatoka mbali kwenda kutazama majani yake yakigeuka rangi.”

“Kuna baridi, na watu wake wanaringa. Twende Colorado, majani ya huko ni ya njano, safi kabisa.”

“Njano ya nini, nina homa? Mimi nataka nyekundu.”

Ukweli Dwight hakuweza kumwambia, kwa sababu alishamwapia kwamba hajawahi kuoa. Alioa, tena huko huko Vermont, na ndoa ilipovunjika mahakama ilimwachia mkewe, Lorraine, kilima chake cha miti ya maple, ile inayotobolewa kutoa utomvu wa kupikia shira. Lorraine alikirithi kwa baba yake. Dwight akaona bora wakose wote. Alirudi kwa kificho na kekee, akaitoboa miti mmoja baada ya mwingine, akaimiminia sumu ya magugu. Mtu mzima na akili zake!

Alipoitwa mahakamani alitorokea Ohio. Wakili wake alimpa onyo moja tu: hati ya kukukamata ipo, lakini kwa kosa la miti hakuna atakayefunga safari kukufuata huko. Usikanyage Vermont, basi. Ukikanyaga, unalala jela.

Kujuta? Hata chembe. Kilichomkereketa ni kwamba aliondoka kabla ya kuiona kazi yake. Alitamani kukitazama kilima cha Lorraine kikiwa kijivu, na Lorraine akiamka kila asubuhi kukililia.

“Basi New Hampshire,” Jocelyn alisema, akikata uzi kwa meno. “Kuna nyumba ya wageni ukingoni kabisa mwa mto. Vermont tutaiona ng’ambo tu, haitakung’ata.”

Dwight akainamia ramani, na moyo ukamruka. Ng’ambo ya ukingo huo ndipo kilipokuwa kilima chenyewe. Akajiona barazani, kahawa mkononi na mwanamke mpya ubavuni, akikitazama kipara cha Lorraine katikati ya vilima vyekundu. Akome!

“Haya, New Hampshire,” alisema haraka mno. “Lakini mbona harusi ni Novemba?”

“Majani hayamsubiri kasisi. Tule fungate kwanza, ndoa itatukuta.”

Dwight alicheka hadi akakohoa. Bahati gani hii? Mwanamke mzuri, aliyekulia Alaska, asiyemjua mtu upande huu wa nchi. Ndiye aliyemfuata na kumsalimia kwanza kule dansini, na sasa anampeleka mwenyewe kwenda kumcheka adui yake.

Walifika Jumamosi mchana. Dwight hakushusha hata begi. Alichukua darubini, akaenda barazani, akatafuta rangi ya kijivu ng’ambo ya mto.

Hakuiona. Kilima cha Lorraine kilikuwa chekundu kuanzia chini hadi kileleni, chekundu kupita vilima vyote vya jirani.

“Haiwezekani,” alisema. “Miti ile ilisha...”

“Ilisha nini?” Jocelyn alimpokonya darubini, akachungulia. “Loo, inapendeza! Mwenye kilima kile lazima anamringia mtu.”

Maneno hayo yalimchoma Dwight kuliko alivyotarajia kumchoma Lorraine. Kumbe mwanamke yule alikuwa anakula raha muda wote huu! Anapika shira yake, anamcheka, na yeye amejificha Ohio bure. Kekee yote ile, sumu yote ile!

“Nanyoosha miguu kidogo,” alisema, akashuka mtoni.

Palikuwa na daraja la mbao lenye paa, na mwisho wake wa pili ulikuwa Vermont. Dwight alisimama katikati. Maneno ya wakili aliyakumbuka vizuri sana. Lakini nani angemjua, na kofia imemshukia hadi machoni? Ataangalia mti mmoja tu, ajue alikosea wapi, arudi kabla Jocelyn hajaanza kumtafuta. Na kama miti ipo hai, atakuja tena na sumu kali zaidi. Akavuka.

Alipanda kilima akihema, akaufikia mti wa kwanza, akadaka tawi la chini na kuvuta jani. Halikung’oka. Alipolivuta kwa nguvu, uzi ulikatika.

Lilikuwa kitambaa. Aliinua macho. Mti mzima ulikuwa umekauka, gamba limebanduka, na matawi yake yamevishwa vitambaa vyekundu kila mahali. Mshono ule aliujua.

“Bwana Dwight Pelkey?” polisi aliuliza nyuma yake. “Mikono ionekane, tafadhali.”

Kando ya polisi alisimama Lorraine. Jocelyn naye alikuwa akikimaliza kilima taratibu, darubini shingoni.

“Pole na safari, mwanangu,” Lorraine alisema, akimfungulia mikono. “Alikusumbua sana?”

“Kidogo, shangazi,” alijibu Jocelyn. “Yeye alitaka Colorado.”