Aya Isiyo na Chanzo

Kalamu nyekundu ya Bi Darlene ilisimama kwenye aya ya tatu ya insha ya msichana aliyesimama mbele yake. Kila Jumatano, katika ukumbi wa chini wa kanisa lao huko Arkansas, Marekani, aliwafundisha watoto wanaosomeshwa nyumbani kuandika insha na kutaja vyanzo. Pambizo zilikuwa sawa, tanbihi sawa. Ila aya hii haikutaja chanzo.

"Mtu akinyimwa chakula, mwanzo hulia," msichana alikuwa ameandika. "Baadaye tumbo huacha kuuma, naye hunyamaza. Kisha vinyweleo laini humwota mgongoni."

"Haya, mwizi wangu," Bi Darlene alimtania. "Umeiiba katika kitabu gani?"

"Sijaiba, Bi Darlene. Nimeona mwenyewe. Sikujua namna ya kumwandika kwenye vyanzo."

"Kumwandika nani?"

Msichana alivuta mkono wa sweta. Makombo ya biskuti za darasani yakadondoka juu ya karatasi, na ndani ya sweta zilikuwamo nyingine, zimevunjikavunjika.

"Mdogo wangu. Baba anamfungisha, asile mpaka atubu."

Nami nawauliza, mama wenzangu mnaonisikiliza: mtoto asiyekwenda shule, nani atauliza mbona leo hayupo?

Mlango ukafunguliwa. Mama yake msichana aliingia, nadhifu, funguo za gari mkononi. "Twende, kipenzi. Insha imepita, dada?"

"Bado. Kuna jambo sijalihakikisha." Bi Darlene alichukua koti lake, akamshika msichana mkono. "Leo nakuja kwenu, nimwone mdogo wake."

Yule mama hakuacha kutabasamu. Aliurudisha mlango kwa mgongo, akauegemea wasipite.