Chupa Kumi na Mbili za Dirishani

Tamsin aligonga mlango wa Fergus mara moja tu, tena polepole, akiomba asiwepo.

"Ingia!"

Alibeba trei ya chupa arobaini za buibui aliowatega mlimani, nyuma ya mji wa Hobart, tangu mwezi wa tatu. Nusu walitoka msitu ulioungua, nusu msitu mzima. Asubuhi hiyo alikuta spiriti imevuja na kufuta maandishi yote. Bila kujua nani katoka wapi, mwaka wake wa utafiti, ule wa nyongeza baada ya digrii, ulikuwa umekwenda na maji. Tasnifu ilitakiwa baada ya wiki sita.

Na kosa lilikuwa lake. Siku ya kwanza kabisa Fergus, msimamizi wake, alimwambia: "Andika kwa penseli, kwenye kikaratasi, ukitumbukize ndani ya chupa. Wino usiniletee." Yeye akaona wino ni haraka zaidi, akaandika kwa nje.

"Umekwisha, dada," Lachie, mwenzake wa maabara, alikuwa amemwambia. "Si unazijua zile chupa za dirishani kwake?"

Nani asiyezijua? Chupa kumi na mbili za buibui, hazina hata herufi. Wanafunzi huambiana kwamba zilikuwa za mwenzao mmoja wa zamani aliyeandika kwa wino. Fergus akamfukuza, akabaki nazo za kutishia wengine.

Tamsin aliweka trei mezani.

"Fergus, mimi... nilitumia wino."

Fergus aliinua chupa moja kwenye mwanga, akaitazama sana, kisha akaenda nayo dirishani. Anaitafutia nafasi ya kumi na tatu, Tamsin aliwaza, na machozi yakamlengalenga.

"Mitego bado unayo?"

"Ninayo."

"Basi kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe kwenye gari langu. Tutapata hata robo ya hawa. Tasnifu itakuwa nyembamba, lakini itakuwepo."

"Kwa hiyo... hunifukuzi?"

Fergus alichukua chupa moja ya pale dirishani, akampa.

"Hebu igeuze."

Kwenye kitako, mtu alikuwa amekwaruza kwa ncha ya msumari: *Fergus Skerritt, mwanafunzi, 1989.*