Rangi ya Katobwe

Mujinga aliibandua ramani ukutani kabla mtu hajamzuia.

Wanavijiji walikuwa wameitwa kwenye ofisi ya misaada mjini Kamina waikague ramani ya ukame kabla haijatumwa: palipokauka pametiwa nyekundu, palipopata mvua kijani. Vijiji vyekundu vingepewa unga na mbegu. Katobwe, kijiji chake Mujinga, kilikuwa kijani tupu.

"Mahindi yetu yote ilikufa," alisema. "Batoto banalala njaa. Njo kijani hii?"

"Mama, minyi sichore kwa kichwa yangu," alisema Nathalie, mkuu wa ofisi. "Tuliweka kopo ya kupima mvua kule. Masengo njo anaisoma."

Masengo, mwalimu wa shule ya Kimethodisti ya Kamina, aliinamisha kichwa. Kila Jumatatu alifika Katobwe kwa baiskeli. "Minyi naandika kile naona, mama. Mwanzo kopo ilikuwa mupu. Sasa kila Jumatatu maji iko."

"Unasema bongo, unadanganya!" Mujinga alikuja juu. "Mvua gani? Ilinyesha kwa nani?"

Mujinga alikuwa amempokea kijana huyu kama mwanawe, akampa kiti, akamwonea huruma kwa safari yake ndefu. Leo anakiua kijiji kwa kalamu! Akaketi sakafuni, akaapa kwamba hatoki mtu wala hatoki yeye mpaka Katobwe ipakwe nyekundu. Walimbembeleza wee, hakubanduka.

Mwishowe Nathalie alichoka, akaita pikipiki mbili, wakaenda wote watatu kujionea.

Njia nzima ilikuwa vumbi na mabua yaliyokauka yangali na urefu wa goti. Mujinga alinyoosha kidole huku na huku.

Lakini nyuma ya nyumba ya Mujinga, kopo lilikuwa juu ya nguzo yake, na ndani yake maji safi. Masengo alishusha pumzi. Nathalie akamgeukia mwenye nyumba.

"Na hii maji, mama? Ilitoka wapi?"

"Mu mutungi yangu!" alijibu Mujinga, kifua mbele. "Mutoto wa bantu anatoka Kamina na kinga, ile baiskeli yake, anachungulia kopo yake, anakuta mupu, anarudia na huzuni. Tungekuwa bantu gani? Minyi namuwekea maji kila Jumapili, hata siku sisi benyewe tunalala na kiu."