Shambani kwa Faustino

"Simu iache mezani, Profesa. Huko tuendako hakuna mtandao."

Profesa Egidius akaiacha. Faustino alichukua panga nyuma ya mlango, akamwashiria atangulie.

Walitoka Mchombe kwa miguu, wakashika njia ya mashambani. Mpunga ulikuwa umeiva pande zote, na hapakuonekana mtu hata mmoja.

Walisoma darasa moja hawa, kisha wakagombana magazetini kwa zaidi ya miaka ishirini. Egidius alitaka soko liachwe huru na vyama vya ushirika vivunjwe. Faustino, katibu wa ushirika wa kijijini, alimjibu kila makala. Mwishowe wakubwa walimsikiliza Egidius, chama cha Faustino kikafa. Msimu uliofuata walanguzi walishusha bei ya mpunga walivyotaka. Mdogo wake Faustino, aliyekuwa amelima kwa mkopo, akanywa dawa ya magugu.

Egidius hakwenda msibani. Hata salamu za pole hakutuma.

Ukapita ukimya wa miaka sita. Halafu, juzi, ukaingia ujumbe: "Njoo Mchombe. Njoo peke yako. Tulimalize."

"Kata kushoto," Faustino alisema nyuma yake. Alikuwa anahema kama mtu aliyetoka mbio. Panga lilifyeka majani ya njiani, karibu mno na visigino vya Egidius.

Wakatokea mahali peupe. Kaburi la yule mdogo mtu lilikuwa pale, limefagiliwa. Kando yake palikuwa na shimo jipya, urefu wa mtu mzima, udongo wake bado mbichi.

Egidius alitazama shimo, kisha panga. Akapiga magoti. Alitaka kukimbia, lakini akasikia mdomo wake ukisema jambo jingine.

"Nisamehe, Faustino. Kuhusu mdogo wako… niliogopa kuja. Nisamehe, ndugu yangu."

 Faustino alilichomeka panga ardhini, akakohoa mpaka akashika kifua kwa mikono miwili.

"Inuka, unachafua suruali," alisema alipopata pumzi. "Wiki ijayo watu wote watakuwa kwenye mavuno, nani atachimba? Nimeona niwahi. Daktari hanipi hata mwezi mmoja."

Egidius alibaki amepiga magoti, haelewi.

"Siku ya kunizika uzungumze wewe," Faustino akasema. "Hakuna mwingine aliyesoma kila nilichoandika."