Plasta Kwenye Dashibodi

Siku hizi taa ya injini haiwaki kwa ubovu wa gari. Inawaka moyo wa dereva ukidhoofika. Ikionekana, dereva huchukuliwa kupelekwa Nyumba ya Mapumziko, na harudi tena.

Jumapili, wakienda kanisani, Yunisi aliona plasta imebandikwa kwenye dashibodi ya mumewe, Elikana. Akaibandua. Taa ilikuwa inawaka.

“Tangu lini, Baba Neema?”

“Tangu Kwaresima. Nirudishie plasta yangu, mama.”

“Simamisha gari. Nitaendesha mimi.”

Wakabadilishana viti. Yunisi aliposhika usukani, taa ikazimika.

Elikana akacheka. “Umeona? Nimepona.”

Yunisi hakucheka. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha akaendesha polepole, akisikiliza pumzi za mumewe, maana sasa hapakuwa na taa ya kumwambia.