Kibali cha Kutoka

Filimbi ile ilikuwa inatoka kooni mwa mtu. Kila alipovuta pumzi ililia, nyembamba, na mate yakamdondokea juu ya blanketi alilojifunika gubigubi kwa baridi ya homa.

Muuguzi wa kiwanda alimsukuma kwenye mkokoteni wa majora hadi langoni, amemketisha, mgonjwa ameinamia mbele.

"Kibali," mlinzi alisema kutoka ndani ya kibanda chake. Kidirisha kilikuwa cha kupitisha karatasi tu, si uso wa mtu.

"Fungua, mwanangu. Bakteria wamemvimbisha koo. Njia ya hewa imebaki kama mrija wa soda. Hospitali ni hiyo hapo ng'ambo ya barabara."

"Saini ya meneja iko wapi, mama? Bila hiyo hatoki mtu saa za kazi. Mlaze hapo kwenye benchi, ukamtafute. Gari lake hili hapa, hajaondoka."

Muuguzi alilitazama benchi. Miaka kumi na moja iliyopita mdogo wake, mfumaji, alilia filimbi hiyohiyo, hapohapo. Kibali kiliombwa; jibu lilishuka kutoka ofisini kwa meneja limeandikwa vizuri: apumzike, alale chali, zamu inaisha saa kumi. Wakamlaza chali. Zamu iliisha saa kumi kweli. Yeye aliisha saa nane.

"Halali mtu hapa," alisema. "Akilala, anakufa."

"Kwani ni nani huyo?"

"Ni mtu asiyepata hewa. Unataka awe nani zaidi ya hapo?"

"Mama, mimi nina watoto. Sheria hii sikuiandika mimi."

"Aliyeiandika namjua."

Filimbi ilizidi kuwa nyembamba. Muuguzi alichomoa fomu mfukoni, akaiweka juu ya goti la mgonjwa, akamfumbatisha kalamu.

"Haya, tia saini yako," alimwambia sikioni. "Na ukipona, usije ukasahau lango hili lilivyo zito."

Mkono ulichomoza kwenye blanketi, ukaandika. Karatasi ikapita kidirishani.

Mlinzi aliilinganisha na saini ya meneja iliyobandikwa ukutani, mkunjo kwa mkunjo, mara mbili. Kisha akafungua lango.