Sijaja Kuomba Kazi

"Sijaja kuomba kazi," Luqmani alisema haraka, kabla yule mama hajanyanyua mkono kumwonyesha mlango. "Naomba tuongee tu. Unieleze kazi yako ikoje."

Kristina akamtazama juu ya miwani. Kwenye kampuni ile ya viungo, vijana wenye bahasha za kaki walikuwa hawaishi. Huyu hakuwa na bahasha.

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo mama. Samahani."

"Marahaba. Haya, kaa." Akacheka kidogo. "Kazi yangu mimi? Tangu niajiriwe hapa hakuna mtu aliyewahi kuniuliza."

Mbinu hiyo Luqmani aliipata kwa mhadhiri wake wa zamani, siku aliyokwenda kumlilia shida. Usiombe kazi, mhadhiri alimwambia. Ukiomba kazi watu wanajifunga. Omba maongezi. Ukiondoka, omba jina la mtu mwingine. Nafasi ikitokea, watakukumbuka.

Hakuwa na la kupoteza. Cheti chake cha shahada kilikuwa kinazeekea kabatini. Mkewe, Maimuna, alikuwa amerudi kwa wazazi wake Gairo na mtoto. Hawakugombana, chakula ndicho kilichokosekana. Kila Luqmani akimpigia simu alianza na salamu ndefu, ili swali la kazi lichelewe.

Akazunguka mji. Benki walimpa mtu ambaye hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Duka la pembejeo walimwambia asubiri, akasubiri mpaka wakafunga. Msimamizi wa shamba moja njia ya Kingolwira alimsikiliza vizuri sana, kisha akamuuliza kama amesikia nafasi popote, maana mkataba wake mwenyewe ulikuwa unakwisha.

Kristina peke yake ndiye aliyemkaribisha kwa moyo. Alimweleza jinsi alivyoanza kupokea mdalasini na pilipili manga za wakulima wa Kinole, kule mlimani, kampuni ikiwa bado banda moja la mabati.

"Siku hizi wanapima hukohuko mlimani, wananitumia vipimo kwa simu. Mimi nakagua tu. Saa nne nimeshamaliza." Akapunguza sauti. "Usinitangaze."

"Na nafasi mpya huwa zinatokea?"

"Mwanangu, hapa watu wanatoka, hawaingii. Lakini twende, nikupeleke kwa Mikaeli."

Mikaeli, mtunza stoo, alimtembeza katikati ya magunia, akakiri kwamba kwa mzigo unaoingia sasa, yeye na mwenzake walikuwa wengi. Raya wa uhasibu alimweleza mengi zaidi, ya kwake na ya wenzake. Hakuna aliyemficha kitu. Nani ajifiche kwa mtu asiye na kazi?

Luqmani akawa anapita mara kwa mara kuwasalimia. Kristina alimwekea chai na kipande cha muhogo, akamtambulisha kwa kila aliyepita, mpaka kwa katibu muhtasi wa meneja. "Huyu mwanangu. Mkisikia popote, mkumbukeni."

Masika yakaja, yakaisha. Simu haikulia. Luqmani akaamua kwenda Gairo kulima karanga kwenye shamba la wakwe zake, aibu aliyokuwa akiikwepa muda wote ule. Alikuwa anakunja godoro Kristina alipopiga.

"Njoo upesi! Meneja anakuulizia. Nimemsumbua mpaka amekubali!"

Meneja, Bwana Jackson, alikuwa bado mgeni pale, ameletwa kutoka Dar es Salaam. Alimwonyesha Luqmani kiti.

"Nasikia umeongea na watu wangu wote."

Luqmani aliogopa. "Nilikuwa najifunza tu, mzee."

"Najua. Wanakupenda. Unaanza Jumatatu. Afisa utumishi."

Kristina alilia kuliko yeye. Mikaeli alileta soda. Maimuna aliuliza kwenye simu kama ni kweli, akauliza tena. Jumapili alishuka stendi ya Msamvu, mtoto mgongoni, na kila kitu chao kwenye mabegi mawili.

Jumatatu asubuhi meneja alimkaribisha ofisini, akarudisha mlango.

"Makao makuu wanataka nipunguze watu," alisema. "Mimi nikiwauliza, kila mtu ana kazi mpaka jioni. Wewe walikwambia ukweli. Nianze na nani?"

Luqmani akasogea mbele kitini. Alidhani hakusikia vizuri.

"Mzee, wale watu wamenisaidia."

"Ndiyo maana nimekuajiri wewe, sikuajiri mwingine." Sauti ya meneja haikuwa na hasira hata kidogo. "Ukishindwa, sikulaumu. Mshahara nilioongeza mwezi huu ni mmoja, wa kwako. Nitaanza na huo."

Korido ilikuwa na vicheko na mlio wa vikombe. Dirishani, milima ilikuwa imezama kwenye mawingu mpaka miguuni. Luqmani akamfikiria Maimuna, ambaye saa hiyo alikuwa anapanga nguo za mtoto na kuimba. Akajikaza. Jina likamtoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

"Mama Kristina."

"Abee, mwanangu!" Kristina akaitika kutoka koridoni, akausukuma mlango kwa kiwiko, birika la chai mkononi.